Nilivyoukamata Mvujo wa Ukutani kwa Kamera ya Joto

Mafundi wawili niliowaita nyumbani kwangu Entebbe walikubaliana, bila hata kuugusa ukuta, kwamba unyevu uliokuwa ukibambua rangi chumbani unapanda kutoka ardhini kwa sababu tuko karibu na Ziwa Viktoria, na kwamba dawa yake ni kubomoa plasta yote. Hesabu yao ilikaribia shilingi milioni mbili. Sikuridhika, kwa kuwa unyevu wa ardhini huanzia chini, ilhali doa langu lilikuwa usawa wa kifua, nyuma ya bafu.

Jamaa yangu anayefunga sola alinijia na kamera ya joto inayochomekwa kwenye simu. Wengi hudhani chombo hicho huona ndani ya ukuta, kumbe hupima joto la uso wake tu. Alifika saa sita mchana, jua likichoma, na ukuta mzima ukaonekana wa rangi moja. Bafuni akashangilia doa jekundu kwenye vigae, akaapa kwamba bomba limepasuka hapo hapo. Nilimwomba asogee kando. Doa nalo likasogea. Vigae vinavyong'aa vilikuwa vikimrudishia joto la mwili wake mwenyewe!

Nilimwomba aniachie kamera. Jioni nilifunga maji ya moto yanayoshuka kutoka tangi la sola lililo juu ya paa, ili usiku bomba lipoe sawa na ukuta. Alfajiri niliyafungua, nikaacha bafu likitiririka, nikakimbilia chumbani. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha mstari mwembamba wa njano ukajichora ukutani, ukashuka, ukakata kona, na penye kona ukaanza kutanuka kama wino kwenye karatasi. Nilipazungushia penseli, duara dogo kuliko sahani.

Fundi mwingine alipasua hapo tu, akakuta kiungo cha bomba kinadondosha maji. Pamoja na plasta na rangi, sikumaliza laki mbili.

Kabla ya kuirudisha kamera nilikagua pia kisanduku cha swichi za umeme, pasi na birika vikiwa vinatumika, maana waya usio na mzigo hauonyeshi kasoro. Swichi moja ilikuwa na joto kuliko wenzake, nikamwachia fundi umeme aikaze. Jamaa yangu sasa hutoza watu kwa ukaguzi wa aina hii, na huwaambia kwamba mbinu ya maji ya moto aliibuni yeye.