Nilivyoipata historia ya boti yangu ya Jeshi la Majini

Kila aliyeiona boti yangu pale Plymouth alinihakikishia kwamba ilikwenda Dunkirk, Ufaransa, kuokoa askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Habari hiyo imenichosha. Uokoaji wa Dunkirk ulikuwa Mei na Juni 1940, na boti za aina hii, MFV (kifupi cha Kiingereza cha chombo cha uvuvi cha injini), Jeshi la Majini la Uingereza lilianza kuziunda baadaye. Zilikuwa na urefu wa aina nne: futi 45, 61 na nusu, 75 na 90. Chuma kilitakiwa kwenye manowari, basi kazi wakapewa mafundi wa mashua za uvuvi, na umbo likabaki la uvuvi ili vita vikiisha wauziwe wavuvi. Bandarini zilibeba chakula, risasi na mabaharia kati ya gati na meli kubwa.

Yangu ni ya futi 61 na nusu. Jina limebadilishwa, namba ya kijeshi haionekani popote. Tegemeo langu lilikuwa sheria: chombo kikisajiliwa kuwa meli ya Uingereza, namba yake rasmi na tani zake huchongwa kwenye boriti kuu ya sitaha. Boriti yangu ilifunikwa na rangi, tabaka juu ya tabaka. Jirani wa gatini akanishauri nipige msasa wa mashine. Usithubutu! Michongo haiendi ndani sana. Msasa ungekula rangi na namba pamoja.

Nilisubiri usiku, nikazima taa zote, nikalaza tochi ubavuni mwa boriti mwanga upite sambamba na mbao. Vivuli vikajitokeza. Nikabandika karatasi nyembamba na kuisugua kwa penseli ya risasi, kama watoto wanavyonakili sarafu. Namba ikatoka yote isipokuwa tarakimu ya mwisho: 3 au 8? Nikanakili na tani zilizochongwa kando, kisha nikazitafuta namba zote mbili katika orodha za zamani za meli za Uingereza, ambazo siku hizi zimo mtandaoni. Ya 3 ilikuwa meli ya tani maelfu. Ya 8 ililingana na boriti yangu sawasawa. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani!

Kutoka hapo ni Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Kadi ya msomaji ni bure, nauli ndiyo iliyouma kidogo. Beba penseli, kalamu za wino haziruhusiwi. Omba kundi la BT 110, lenye nakala za usajili uliofungwa. Ndani ya jalada nilikuta karakana ya Cornwall, mwaka 1944, na hisa 64, maana meli ya Uingereza hugawanywa hivyo: ndugu wawili wavuvi walichukua 32 kila mmoja baada ya Jeshi kuiuza. Namba ya MFV iliandikwa palepale, mahali pa jina la zamani. Nimeshaipeleka kwa wanaotunza rejista ya vyombo vya kihistoria, ambao hupokea vinavyozidi futi 33, na nakala ya jalada inasafiri ndani ya boti kwenye mfuko usiopitisha maji.