Wanaopita Juu ya Jiko Letu

Wete, Jumapili usiku

Miezi 14 sasa tangu nishuke melini pale bandari ya Mkoani, kisiwani Pemba, na leo ndiyo mara ya kwanza nimejisikia nikisema "kwetu" nikimaanisha huku. Nilikuwa namweleza mama kwa simu habari za popo.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Nakuru mtu akikwambia anakwenda kuona wanyama, anakwenda langoni. Mbuga ya ziwa iko pua na mdomo na mji, imezungushiwa ua pande zote, na shuleni tulipakiwa kwenye basi tukawatazame vifaru na heroe. Basi nikakua nikijua kwamba mnyama wa porini yuko ng'ambo ya ua, na ukubwa wake unatosha kumwona kutoka dirishani. Nilipoolewa nikamfuata mume wangu Pemba, ndugu zangu waliniuliza huko kuna wanyama gani. Nikawaambia hakuna. Hakuna simba, ndovu wala nyati. Nilidhani jibu limekamilika.

Usiku wa pili katika nyumba hii nilimwamsha mume wangu: kuna mtoto analia nje. Akasikiliza kidogo. "Komba huyo," akasema, akalala tena. Neno lenyewe nilikuwa nalo kwa sababu ya msemo wa kulewa kama komba, lakini sikuwahi kujiuliza komba ni nani. Asubuhi mama mkwe akanieleza: ni mnyama wa usiku, mwenye macho yaliyojaa uso na mkia mrefu, na penye minazi inayogemwa hupanda akanywa tembo la mgema. Ndipo msemo ule niliokuwa nao tangu utotoni ukapata mwili na manyoya.

Lakini aliyenifumbua macho hasa ni popo.

Tunapikia nje, nyuma ya nyumba. Jioni moja baada ya Magharibi, nikipuliza kuni, nikaona kivuli kikipita, kisha kingine, kisha mbingu yote ya upande wa magharibi ikawa inatembea. Nilidhani ni kunguru wamechelewa kurudi. Ila kunguru hapigi bawa taratibu vile. Na popo niliowajua mimi ni wale wadogo wa kwenye mapaa, wanaokatakata hewa kama wamepotea njia. Hawa walikwenda moja kwa moja, kama watu wanaojua shamba lao.

"Popo hao, mwanangu," mama mkwe akasema bila kuinua kichwa kwenye nazi aliyokuwa akikuna. "Wanakwenda kula."

Popo wa Pemba hawapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Mbawa zake zikinyooshwa hufika kama mita moja na nusu. Mama mkwe anakumbuka enzi ambazo watu waliwawinda kwa nyama, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliogopa kwamba wako karibu kutoweka kabisa. Walionusurika wamenusurika kwa sababu wanavijiji wenyewe, kama wale wa Kidike, waliamua kuilinda miti wanakolala. Hesabu ya miaka ya 2000 ilikuta wamefika kiasi cha 20,000. Habari hiyo naipenda kuliko zote nilizozisikia tangu nije. Mara nyingi tunaambiwa kilichokwisha. Huku kuna kitu kilikuwa kinakwisha, watu wakakirudisha.

Kidike nilikwenda mwezi uliopita. Unawasikia kabla ya kuwaona, wanazozana mchana kutwa kama abiria waliobanana. Wananing'inia wamejifunika mbawa, kwa mbali utasema majani makavu ya mgomba, mpaka mmoja ajifunue uone kifua chekundu na uso mrefu kama wa mbwa mdogo, macho yamekutumbulia. Nilikaa chini ya miti ile mpaka shingo ikauma. Niliporudi nikaanza kuitazama tofauti miembe inayoota yenyewe kwenye miteremko. Mama mkwe anasema hakuna aliyeipanda. Popo hubeba embe, hula mbele ya safari, huangusha kokwa. Shelisheli lenye alama za meno nikiliokota sasa silitupi kwa hasira. Sote tumekula mti mmoja.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutembea. Ardhi ya Pemba haitulii: unapanda kilima chenye mikarafuu, unashuka bonde la mpunga, unapanda tena. Siku za mavuno njia nzima inanukia, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi. Nimejifunza kusimama. Nikisimama dakika chache karibu na ua la mgomba, ndege aitwaye chozi atakuja, mdogo sana, anang'aa kama mafuta juu ya maji. Ninga, jamaa wa njiwa, ni mgumu zaidi kumwona. Rangi yake ni ya majani, na mara tatu nimesimama chini ya mti uliojaa ninga nisione hata mmoja mpaka waruke.

Ngezi nilipelekwa na shemeji. Ukitoka Konde kwenda Makangale barabara inaingia msituni ghafla, jua linakatika. Akanionyesha mivule, kisha mpapindi, mti wa jamii ya minazi, mwembamba, ambao asili yake ni kisiwa hiki tu. Akaushika shina kama anavyomshika bega mtu anayemfahamu. Sikupiga picha.

Sasa bundi. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa bundi akilia karibu na nyumba anachomoa kijinga jikoni na kumrushia, maana analeta kifo. Woga huo nilihama nao. Hapa kuna bundi mdogo, naye ni wa Pemba peke yake, anayelia "hu" moja, ananyamaza, halafu "hu" nyingine. Wiki za kwanza nilikuwa nafunga dirisha nikisoma dua. Siwezi kusema ni usiku gani niliacha. Najua tu kwamba mwezi wa Ramadhani, tukisubiri daku, nilikuwa namngoja.

Leo nimemrekodi nikamtumia mama Nakuru. Amepiga simu baadaye, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama analia hivyo kila usiku. Nikamwambia kila usiku. Akauliza kama mama mkwe wangu anamsikia pia, na anasema nini.

Nikamwambia anasema bundi akinyamaza ndipo yeye hukosa usingizi.