Alikuwa amelala kweli?

Jana usiku tulikuwa tunasoma Marko 4, ile habari ya chombo na dhoruba, na mdogo akaniuliza swali ambalo sijawahi kulisikia popote: "Mama, Yesu alikuwa amelala kweli au alikuwa anajifanya?"

Baba yake, aliyekuwa amejinyoosha upande wa pili wa kitanda, akaanza kukohoa. Sikumtazama. Nilijua amekumbuka nini.

Mnaonifahamu mnajua mimi na wasiwasi tulivyo. Simu ikiita usiku, kabla sijaipokea nimeshamzika mtu. Basi fikirieni mwaka ule wa uvimbe. Waliuona kwenye titi, wakakata kinyama kidogo kwenda kupima, wakasema majibu baada ya siku kumi. Tisa za mwanzo sina la kusimulia. Nakumbuka tu kwamba kila nilipopata faragha nilikuwa naupapasa, kama mtu anayerudi kuangalia kama mlango kaufunga. Jioni tuliomba pamoja, tukasema amina, na kabla amina haijapoa nilikuwa nimeshaanza kupanga nani atawalea watoto.

Usiku wa mwisho tulizima taa mapema. Nikalala chali, macho juu. Haukupita muda, nikasikia mtu anakoroma. Na si kukoroma kwa aibu, hapana, kukoroma kwa mtu aliyemaliza shughuli zake zote duniani. Nikamtikisa bega.

"Baba watoto, unawezaje kulala wewe?"

"Tumeshaomba," akasema bila kufumbua macho. Akageukia ukutani, akaendelea.

Wale wanafunzi walimwamsha Bwana wakimuuliza, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Wahubiri huwasema sana kwa swali lile. Mimi usiku ule ningewapa mikono yote miwili.

Nikachukua Biblia, nikaenda sebuleni, nikaketi sakafuni, nikamulika kwa simu. Wafilipi 4. "Msijisumbue kwa neno lolote." Mstari huo nilikuwa nimeuchukia kwa siku kumi, maana watu wema walinitumia kila asubuhi ukiwa na picha ya maua. Kumwambia mwenye wasiwasi asijisumbue ni sawa na kumwambia mwenye mafua asipige chafya. Lakini sikuweza kumwambia Paulo kwamba hajui anachosema, kwa sababu barua ile aliiandika akiwa kifungoni. Nikausoma tena polepole, na safari hii jicho likakwama kwenye maneno niliyokuwa nayaruka siku zote: pamoja na kushukuru.

Nikajaribu. Nishukuru kwa nini? Kwa uzima? Ndicho hasa nilichokuwa naogopa kunyang'anywa. Kwa watoto? Koo likaziba. Kila kitu nilichokigusa kiligeuka hofu mkononi. Na kule chumbani mkoromo uko pale pale. Nikasema kwa sauti, nusu nikikejeli, "Haya Bwana, asante kwa huyu anayekoroma."

Nikanyamaza. Kisha nikarudia, kejeli ikiwa imeisha. Asante kwamba yupo. Asante kwamba humu ndani kuna hata mmoja anayeamini kiasi cha kupata usingizi. Hapo nikagundua kuwa nilikuwa nimeuma meno, sijui tangu lini. Nikayaachia. Mabega yakashuka. Sikusikia sauti, sikuona nuru, sakafu ilikuwa baridi na uvimbe haujaenda popote. Lakini mkono ulikuwa umetoka kifuani wenyewe. Nikaanza kuhesabu ile mikoromo, moja, mbili, tatu, na sijui niliishia ngapi. Asubuhi niliamka pale pale, nimefunikwa shuka.

Haikuwa saratani. Nalisema haraka kwa sababu kwenye kikundi chetu cha maombi yupo mwenzangu ambaye yake ilikuwa, na aliomba kuliko mimi. Kwa hiyo nikitoa ushuhuda huu huwa naukatia sakafuni, sifiki kwenye majibu. Huongeza tu kwamba pale Paulo anaposema amani ya Mungu "itawahifadhi" mioyo yenu, neno la Kigiriki ni la lindo la askari, lile lile alilotumia kueleza jinsi mji wa Dameski ulivyolindwa ili yeye akamatwe. Hofu inaweza kuwa bado iko nje. Ila mlangoni kuna mtu yuko macho.

Nilikuwa nimeshautoa mara tatu, watu wakalia na kucheka, ndipo njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Ule mkoromo. Sikuwa nimelala."

Moyo ulikuwa unamwenda mbio, akawaza kwamba nikimsikia amelala huenda na mimi nitalala. Nilipotoka akaendelea kukoroma, akidhani nasikiliza. Aliacha aliposikia anayekoroma ni mimi, akaleta shuka. Ile shuka sikuwahi hata kujiuliza ilifikaje.

Nilimnunia siku mbili. Nilikuwa nimemshukuru Mungu, mbele ya watu, kwa imani ya mtu aliyekuwa anatetemeka gizani. Sasa ushuhuda niufute? Niurekebishe? Amani ilikuwa ya kweli, nililala. Ila sijui niseme iliingilia mlango gani.

Basi jana nikamjibu mtoto kwamba Marko anataja hadi mto aliolalia, jambo ambalo Mathayo na Luka hawakuliandika, na mtu anayejifanya hatafuti mto. Akakubali nusu. Tukaendelea hadi upepo ulipokoma. Marko anasema hapo ndipo wanafunzi walipoingiwa na hofu kuu.

"Sasa bahari imetulia, wanaogopa nini?"

Nikamgeukia baba yake anisaidie. Alikuwa amefumba macho, anakoroma.