Nne ya Fundi

Jumanne, usiku

Ukurasa wa Fundi kwenye daftari langu una nne tano, zimepangana moja chini ya nyingine kama vifungo vya kanzu. Goti la kushoto, nguvu ya kunyoosha: 4 kati ya 5. Wiki mbili baadaye: 4. Kisha 4, na 4, na 4. Mtu akiufungua ukurasa ule bila kumjua mwenyewe atasema mgonjwa huyu kakwama. Na mwandiko ni wangu.

Kule Ngamiani anakoishi hakuna anayemwita vingine zaidi ya Fundi. Ni fundi cherehani wa barazani, wa zile cherehani nyeusi za kukanyaga kwa miguu. Watoto aliowashonea sare za shule leo wanamletea vitambaa vya watoto wao. Kiharusi kilimkuta Februari, alfajiri, anatia udhu. Mguu wa kushoto ukalegea, mkono ukafuata. Nyumbani mmoja akasema ni upepo mbaya, apelekwe kwa mganga kwanza. Binti yake akakataa katakata, akaita bajaji. Presha ilikuwa juu sana, na mwenyewe hakuwahi kujua kama anayo. Hadithi hiyo naisikia karibu kila wiki. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, ukishasawazisha tofauti za umri, Dar peke yake ina visa vipya vya kiharusi karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai kama 109. Huku kwetu Tanga sina haja ya takwimu, benchi la nje ya chumba chetu cha mazoezi ya viungo hapa hospitalini linanitosha.

Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, ulimi haukuguswa. Kisha akaniambia, "Mwanangu, we nipime utakavyo. Mimi nina swali moja. Nitakanyaga lini?"

Nikamwambia tuanze na goti.

Kupima nguvu ya mguu kwa mikono ni jambo jepesi kulieleza. Mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia. Namwambia, "Nyoosha goti, Mzee, halafu usinikubalie nikukunje." Naweka kiganja juu kidogo ya kifundo cha mguu, nasukuma. Msuli usipotikisika kabisa ni 0. Ukishtuka chini ya vidole vyangu bila mguu kwenda popote, 1. Mguu ukienda pale tu nilipouondolea uzito wake, tuseme kalala ubavu nami nimeubeba, 2. Ukijinyanyua wenyewe mpaka goti likanyooka, 3. Ukijinyanyua na bado ukabishana na mkono wangu, 4. Nikishindwa kuukunja kama ninavyoshindwa mguu wa mtu mwenye afya yake, 5.

Ngazi hizi zilitoka Uingereza mwaka 1943, kwa Baraza la Utafiti wa Tiba, katikati ya vita, kwa ajili ya majeruhi walioumia mishipa ya fahamu. Kabla ya hapo daktari Robert Lovett wa Boston alikuwa na mpango unaofanana nao kwa watoto wa polio. Kwa kazi hizo zinafaa mno: mshipa umekatika, unataka kujua kama unaamka, basi kutoka 0 kwenda 1 ni habari ya kupigiwa simu nyumbani. Ila kutoka 3 hadi 5 ni safari ndefu, na safari hiyo karibu yote imepewa kituo kimoja. Mguu ulioshinda uzito wake juzi kwa kutetemeka, na mguu uliobakiza kidogo tu kuwa mzima, wote wawili ni 4. Wapo wanaoongeza alama pembeni, nne kasoro, nne na ushei. Hizo ndizo zilizoniponza.

Juni nilikwenda likizo Lushoto siku kumi. Aliyenishikia wagonjwa ni mwenzangu kijana, mtu wa miraba minne, akitoka kazini anabeba vyuma. Akampima Fundi, akamkunja goti bila shida, akaandika 4 na alama ya kutoa. Nne yake si nne yangu. Mimi nina kilo hamsini na tano, nikimsukuma Fundi tunabishana. Yeye akimsukuma Fundi, Fundi anakunjika. Wote wawili tumeandika ukweli wa mikono yetu.

Niliporudi, mtoto wake wa kiume alikuwa ananisubiri mlangoni na ile karatasi. "Dada, Baba anarudi nyuma?"

Nilimjibu kwa maneno makubwa ya darasani, yale tunayojifunika nayo. Akaitikia kwa adabu, akaondoka hajaelewa, na mimi nikajua hajaelewa. Nilikosa. Nilipaswa kumwambia palepale kwamba baba yake yuko vilevile, kilichobadilika ni mpimaji.

Kifaa cha kuondoa ubishi huu kipo. Kipo kidogo cha kushika kiganjani, unakiweka kati ya mkono wako na mguu wa mgonjwa, kinasoma nguvu kwa newtoni. Kipo na kile kikubwa, kiti chenye mkono wa mashine unaoliendesha goti kwa mwendo usiobadilika, tuseme nyuzi 60 kwa sekunde, hata mgonjwa akisukuma vipi. Hospitali yetu haina hata kimoja. Na kile cha kiganjani nacho kina ugonjwa uleule: mgonjwa akinizidi nguvu, kinachosomwa ni mkono wangu unavyosalimu amri. Ndiyo maana wanaokitumia kwa makini hukifunga kwa mkanda kwenye kitu kisichochoka.

Kwa hiyo nikanunua mizani ya dijitali ya kuning'iniza, ileile wanayopimia samaki na mizigo. Ndoano moja nikaifunga nyuma kwenye mguu wa kitanda, nyingine kwenye bendeji niliyozungusha juu ya kifundo cha mguu wa Fundi. Goti limekunjwa pembe mraba. Anavuta kwenda mbele sekunde tano, mguu hauendi popote, mizani inasoma. Mara tatu, na pumziko la dakika moja katikati, nachukua kubwa.

Fundi aliitazama ile bendeji kwa dharau isiyofichika. "Hii inavutika, mwanangu. Unapima mguu au unapima bendeji?" Wiki iliyofuata akaja na mkanda wa turubai, wa begi la shule, umeshonwa na mwanafunzi wake, mishono miwili kila upande, na ndani kitambaa laini usimchubue. Akatoa na futi yake shingoni. Nilipomweleza kwamba lazima mkanda ukae palepale kila tunapopima, maana kilo zilezile zikivutwa mbali na goti ni nguvu nyingine kabisa, hakunisubiri nimalize. "Hilo unanifundisha mimi? Ukipima kiuno leo kitovuni, kesho nyongani, suruali itakuwa ya nani?" Akapima mwenyewe: sentimita 30 toka mfupa wa goti, akatia alama ya chaki ya ushonaji kwenye muundi wake.

Siku hiyo mguu wa kushoto ulivuta kilo 7.4. Wa kulia, 21.

Wiki sita baadaye, chaki palepale, saa ileile ya asubuhi kabla benchi halijamchosha: 12.1. Kwa wanaopenda hesabu, hiyo ni kama newtoni 119, na kwa urefu wa 30 zile inakuwa msokoto wa karibu newtoni-mita 36. Kwa mtoto wake nilisema hivi tu: alikuwa na theluthi ya mguu wa pili, sasa kapita nusu. Nikampima na kwa mkono pia, kwa ajili ya faili. Nne. Yaani nne yote ile iliyomlaza kijana wa watu bila usingizi ilikuwa inapanda chini kwa chini, mimi siioni. (Na huo mguu wa kulia nao si mzima wa kuapia. Kulala kitandani wiki kadhaa kunaula, na ubongo hautenganishi kulia na kushoto kwa kisu kama tunavyodhani. Lakini ndio futi pekee niliyonayo.)

Walimu wa walimu wetu wangenisuta kwa haya. Kwa miaka mingi, wafuasi wa Berta na Karel Bobath wa London walishikilia kwamba kumvutisha mgonjwa wa kiharusi kwa nguvu kutamkaza misuli zaidi, na kwamba shida yake si udhaifu bali mpangilio mbovu wa mwendo. Basi kupima nguvu kukaonekana kazi bure. Miaka ya tisini na kuendelea tafiti zikaja zikionyesha mazoezi ya nguvu hayaongezi huko kukaza. Lakini bado nawasikia wenzangu wanasema, "Usimvutishe huyo."

Kwenye mpangilio, lakini, hawakukosea kabisa. Hapa ndipo Fundi aliponitoa jasho.

Goti lilipofika 12 nilijipongeza. Kutoka kwenye kiti na kurudi mara tano, mikono imekunjwa kifuani, ambako mwanzoni hakuweza hata mara moja, sasa anamaliza kwa sekunde 24. Nilishangilia mpaka nilipotazama kandambili: ya kulia imekanyagwa mpaka imebonyea, ya kushoto iko pale kama mgeni. Mguu mzima unaweza kumfichia ndugu yake siku nyingi. Mita 10 anatembea kwa sekunde 22, ni kama 0.45 kwa sekunde. Jacquelin Perry na wenzake wa California walisema mwaka 1995 kwamba chini ya 0.4 mtu huwa wa ndani ya nyumba, na hadi 0.8 hutoka kwa mipaka. Fundi anafika msikitini na kurudi. Hilo likamridhisha kila mtu isipokuwa yeye.

"Nimekaa kwenye cherehani jana," akaniambia. "Nikikanyaga, inakwenda chini. Haipandi."

Nikavuta kiti cha plastiki, nikaweka ubao mwembamba juu ya kipande cha bomba, nikamwambia anionyeshe. Goti likasukuma, na lilipoanza tu kunyooka, wayo mzima ukaelekea chini na kujikunja kwa ndani, vidole vimebana. Ubao ukalala. Akausubiri upande tena. Nikaona shingo yake inakaza, anautafuta mguu kwa macho. Haukupanda. Cherehani haitaki kilo 12. Inataka kisigino na vidole vipokezane, huyu ashuke yule apande, mamia ya mara, bila kufikiri. Mimi nilikuwa nahesabu kilo za paja miezi mitatu.

Nikamlaza chali, nikashika sehemu ya mbele ya kifundo kwa vidole viwili. "Vuta vidole vije puani, Mzee." Mguu mzima ukanyanyuka toka nyongani, na kweli wayo ukaja. "Si huo?" akasema. Nikaushikilia paja litulie. "Sasa bila paja." Kimya. Nikangoja. Mara ya nne nikahisi kano linaruka chini ya ngozi, dogo, kama uzi uliovutwa upande wa pili wa kitambaa, na wayo ukasogea, labda upana wa kidole. Nikamwambia aweke mkono wake pale ajihisi. Akalihisi. Hakusema kitu, aliendelea kushika tu.

Kuna jedwali jingine, lilitoka Ubelgiji mwaka 1980, linalochukua nyonga, goti na kifundo na kukipa kila kimoja alama toka 0 hadi 33. Nikalijaza: nyonga 25, goti 25, kifundo 14. Jumla 64, na ile 1 wanayoongeza ili mtu mzima afike 100 inakuwa 65. Sitini na tano kwa mia ni alama ya kufaulu mtihani wowote. Nikampigia mstari mwekundu ile 14, nikageuza ratiba yote. Sasa mazoezi yake ni ubao na bomba, kisigino, vidole, kisigino, huku nimefunga kamba ya viatu mbele ya wayo ili akichoka auinue nayo.

Leo, saa mbili usiku, binti yake kanitumia sauti kwenye WhatsApp. Hakuna salamu. Inaanza na watu wanazungumza mbali, kiti kinakokotwa, halafu taka-taka-taka ya cherehani, polepole, inayumba, inasimama kidogo, inaendelea. Kisha mlio wa gurudumu kurudi nyuma na sauti ya Fundi, kakasirika: "Uzi umekatika!" Na mtu anacheka.

Nimeisikiliza mara tatu nikiwa na saa. Sekunde 11 kabla uzi haujakatika. Nimefungua daftari nikaandika 11, na hadi sasa sijapata safu ya kuiweka.