Siku moja maishani mwangu: kea, wazee wake na watu wa redioni

Saa 11:35 alfajiri

Kioo cha gari kimeganda barafu. Naikwangua kwa kadi ya zamani ya duka, maana kikwangulio chenyewe kimevunjika tangu juzi. Vidole havina habari. Ndani redio imeshawaka, inanisubiri.

Mimi ni mtu wa Tanga. Huku Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya kea: nazunguka nyumba kwa nyumba, naogesha wazee, nawapa dawa na kifungua kinywa, usiku narudi kuwalaza. Ni kubeba boksi kama boksi jingine, ila langu linaongea, na likikasirika linanigombeza. Kati ya nyumba na nyumba nabaki garini na Radio 3 ya BBC, muziki wa klasiki, mwaka wa sita huu. Ndugu zangu huniuliza, "Dada, humo unaelewa nini?" Mwanzo sikuelewa kitu. Walionishika ni watangazaji.

Saa hizi ni Through the Night, kipindi cha usiku kucha chenye rekodi nyingi kutoka redio za nchi za Ulaya. Mtangazaji anataja mtunzi, wapigaji na mji, basi. Ana sauti ya mtu anayepita chumbani walimolala watoto. Hebu fikiria angenichangamkia gizani hivi, "Amkeniii!" Ningezima palepale.

Saa 12:30 asubuhi

Kipindi cha asubuhi kinaanza nikiwa naingia nyumba ya kwanza. Mlango, simu, nabonyeza kwenye programu ya kampuni kwamba nimefika. Sabuni, taulo, soksi za kubana miguu ambazo kuzivalisha ni mieleka. Mzee huyu hapendi redio, tuendelee.

Saa 2:15 asubuhi

Kwa Bibi. Silitaji jina lake. Alifundisha muziki shuleni miaka mingi, sasa magoti yamegoma lakini masikio ni ya kijana. Redio yake iko juu ya friji na haizimwi. Kuna sheria moja humu ndani: kipande kikiisha, Bibi huinua kidole kimoja hewani, na mpaka akishushe hakuna ruhusa ya kuongea wala kugongesha kijiko kwenye kikombe.

Mara ya kwanza nilidhani ameumwa na shingo. Baadaye ndiyo akanieleza kwamba sauti ya mwisho sio mwisho. Mpigaji ameacha, lakini ukumbi bado unaimba, na wewe mwenyewe bado uko huko ulikopelekwa. Mtangazaji anayejua kazi anakuachia sekunde tatu, nne, ndipo anavuta pumzi na kusema. Asiyejua anarukia: "Kazi tamu kweli! Usiondoke, bado tuko pamoja..." Hilo lilitokea siku tuliyojaribu stesheni nyingine, na Bibi alirusha kijiko. Kweli alikirusha. Mimi nilimwelewa. Ni sawa na mtu akupakulie pilau halafu akuondolee sahani hujalamba vidole.

Sasa, hatukubaliani kwa kila kitu. Bibi alikuwa mtoto BBC ilipoanzisha Third Programme mwaka 1946, stesheni ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Radio 3 mwaka 1967. Anasema watangazaji wa zamani walisoma jina la mtunzi kama karani anayesoma hukumu, na yeye hilo analisifia! Mimi ningekimbia. Mlango wangu ulikuwa Classic FM, stesheni ya biashara iliyoanza mwaka 1992, yenye matangazo na vipande vifupi vilivyokatwa kutoka kazi ndefu. Nilikuwa nafua mashuka ya hoteli, redio iko ukutani, na mtangazaji anaongea kama jirani aliyeegemea uzio. Hakunitajia namba za kazi wala majina ya funguo za muziki. Alisema tu kwamba huyu aliyetunga alikuwa amefiwa, sikiliza. Nikasikiliza. Bibi anaiita Classic FM chakula cha watoto. Namjibu kwamba hata yeye hakuanza na nyama.

Akacheka leo. Kisha kidole kikapanda, nikanyamaza na sifongo mkononi, maji yananichuruzikia kwenye kiwiko.

Saa 4:40 asubuhi

Mtaa wa Belgrave, kwa Mzee wa Kampala. Alifika hapa mwaka 1972, mmoja wa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin. Tukiwa wawili tunaongea Kiswahili, chake cha dukani, changu cha Tanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Leo wewe nachelewa."

Redio yake ni ya nyimbo za filamu za Kihindi, na mtangazaji husoma salamu za wasikilizaji. Nikimkandia mgongo huku salamu zinasomwa, nasikia nyumbani kabisa. Mama yangu alikuwa na redio ya mbao, stesheni ni RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, na siku za taarab hakuna aliyetumwa dukani. Mtangazaji alikuwa akitangulia kudokeza, kwa mfano kwamba huu ni wimbo wa Black Star, kikundi cha taarab cha kwetu Tanga, na fumbo liko ubeti wa tatu. Ubeti wa tatu ukikaribia mama aliacha kupepea mkaa. Hakuambiwa fumbo linamsema nani, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe, kulitafuta. Kwa hiyo mimi jambo hili la mtangazaji kukufungulia masikio sikulijulia Ulaya. Nilizaliwa ndani yake.

Saa 8:05 mchana

Hapa siwezi kupita haraka.

Mgonjwa wa mchana ananyanyuliwa kwa mashine, na kwa mashine lazima tuwe wawili. Mwenzangu ni binti wa Nakuru, ana miezi minne tu huku. Tumefika mapema, tumekaa garini kwangu tunakula, yeye chapati, mimi wali wa jana. Redioni wanapiga Simfoni ya 45, kazi ndefu ya okestra ya Haydn, mtunzi wa Austria, ile ya Kuagana. Mtangazaji wa leo alitaja jina na okestra, akaiachia.

Mimi niliisikia mara ya kwanza kutoka kwa mtangazaji mwingine, baridi yangu ya kwanza hapa, na yeye alitumia kama dakika moja kusimulia kwanza. Mwaka 1772 Haydn na wanamuziki wake walikuwa watumishi wa Prince Nikolaus Esterházy. Huyo bwana alikuwa na kasri la kiangazi Hungaria, Eszterháza, na mwaka ule alikawia huko kuliko kawaida. Wanamuziki wengi walikuwa wameacha wake na watoto Eisenstadt, mji wa Austria, wanataka kurudi, na ruhusa haitoki. Kumwambia bwana uso kwa uso nani angethubutu? Haydn akayaandika kwenye muziki. Sehemu ya mwisho inakwenda mbio, mara inakatika, inaingia polepole, na wapigaji wanaanza kuondoka. Anayemaliza anazima mshumaa wake, anachukua chombo chake, anatoka. Obo, aina ya zumari, na pembe wanatangulia, baadaye besi, baadaye chelo, hizo fidla kubwa. Mwishoni zinabaki fidla mbili kwenye giza, mojawapo ya Haydn mwenyewe. Inasimuliwa kwamba kesho yake msafara ulifungasha.

Ukiwa ukumbini utaona kwa macho. Redioni huoni mshumaa wala mgongo wa mtu anayetoka. Macho yako ni mtangazaji, na kama hakukwambia...

"Sista, hii redio yako iko na shida?" binti wa Nakuru akaniuliza, chapati mdomoni. "Mbona sauti inaisha hivi? Si uongeze basi."

Akapeleka mkono kwenye kitufe. Nikamshika mkono. Nikaanza kumweleza, mbiombio, mambo ya Prince, mishumaa, wake zao Eisenstadt, wanaondoka mmoja mmoja, unasikia sasa besi hayupo, unasikia? Macho yake yakatulia. Aliacha kutafuna. Na mimi naendelea tu kumwaga maneno, nimenogewa, mpaka nikasikia mtangazaji anataja saa.

Fidla mbili zilikuwa zimeshamaliza. Nilikuwa nimeongea juu yake mpaka mwisho.

Saa 10 jioni

Foleni. Composer of the Week, kipindi kilichoanza mwaka 1943: mtunzi mmoja, siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Donald Macleod amekitangaza tangu 1999 na kwangu ndiye fundi. Anakupa madeni ya mtu, ugomvi wake na baba mkwe, barua aliyoandika akiwa mgonjwa, na hakwambii kwamba utakachosikia ni kizuri. Hilo nalichukia kwa wengine. Ukishaniambia muziki utanituliza, nabaki najikagua kama nimetulia. Niambie mtu alikuwa na njaa alipouandika, mengine niachie.

Saa 1:20 usiku

Napumzika nusu saa kwenye maegesho. Namtumia binti wa Nakuru kiungo cha kipindi cha mchana, nikamwandikia: ruka mpaka mwisho, na safari hii mimi sitakuwepo.

Baada ya dakika kumi na tano akajibu: "Nimesikia. Hao wawili wa mwisho ni wa night, si ndiyo?"

Ndiyo, nikamjibu. Zamu ya usiku.

Saa 3:35 usiku

Mara ya mwisho kwa Bibi leo, kumvisha na kumlaza. Konseti ya jioni iko hewani, moja kwa moja kutoka ukumbini. Nikamsimulia ya mchana.

"Ulimweleza kabla au katikati?"

"Katikati."

"Na mwisho wake?"

"Niliufunika kwa maneno."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyemtegemea. "Hata wewe," akasema. Kisha, baada ya kutafakari: "Lakini alisikiliza tena?"

"Alisikiliza."

Akaguna. Sikujua ni guno la kusamehe au la magoti. Nilikuwa nimefika kifungo cha tatu cha gauni la kulalia pale okestra ilipotoa pigo la mwisho. Kidole kikapanda. Ukumbi kimya, bado hakuna aliyepiga makofi, na mtangazaji kule kwenye kibanda chake naye kanyamaza. Simu inatetemeka mfukoni kunikumbusha kwamba dakika zangu thelathini zimekwisha. Nimeshika kifungo, nangoja kidole kishuke.