Jipu lisilo na moto

Mama ndiye aliyeliona kwanza. Nilikuwa uani, Tanga, Juni 2016, nimevua shati nachota maji, akanishika ubavu wa kushoto. "We, hiki nini?" Uvimbe kama yai la kuku, wala hauumi. Akaubandika mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto homa. "Jipu gani hili halina moto?"

Sikumjali. Nilikuwa na miaka 24, mbeba mizigo sokoni, nikajua nimegongwa na gunia. Tukalijaribu jani la mbarika lililopashwa jikoni, lakini jipu halikuiva. Nikaenda zahanati. Tabibu alitupa jicho mara moja, akapasua. Usaha ukatoka mwepesi, una vidonge vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Akanifunga, akanipa kapsuli za rangi mbili za wiki moja.

Wiki ikawa miezi miwili. Tundu lile lilikuwa na hila: litakauka siku tatu, nivae shati jeupe Ijumaa, lichuruzike msikitini. Mama akaanza kuliita donda ndugu. Nikakonda, jioni nikawa na vijihoma, yote nikaisingizia kazi.

Hospitali kubwa tulimkuta daktari binti mdogo. Baada ya kumwamkia mama, akabandika mgongo wa mkono kando ya tundu. Mama akanitazama.

Picha ya eksirei ikaonyesha mapafu safi. Ultrasaundi ndiyo iliyofichua: mfuko wa usaha nyuma ya msuli, umepenya katikati ya mbavu. Daktari akachoma sindano pembeni, kwenye ngozi nzima, akavuta. Jipu baridi, alisema, halikimbiliwi na kisu. Ukilipasua bila dawa yake, mara nyingi linakuachia tundu lisilofunga. Usaha ukapelekwa kwenye mashine ya GeneXpert. Kesho yake jibu likatoka: kifua kikuu.

"Mbona sikohoi, daktari?"

"Hakiko kwenye mapafu, kiko kwenye ukuta wa kifua. Ni nadra, lakini mdudu ni yuleyule."

Nilichouliza baada ya hapo ni kama nitamwambukiza mama. Akasema bila kikohozi, na mapafu yakiwa safi, nisiwe na wasiwasi.

Nilikuwa na kilo 52, kwa hiyo vidonge vitatu kila alfajiri kabla ya kula, kila kimoja kina dawa nne, miezi miwili. Kisha miezi minne ya dawa mbili. Bure, ila ukiruka siku muuguzi anakupigia simu.

Kwenye daladala mama hakusema "si nilisema". Alinunua machungwa ya Muheza dirishani, akanimenyea.

Siku ya pili ya dawa nikapiga yowe chooni: mkojo umekuwa rangi ya yale machungwa. Nikaita mama, nakufa, natoka damu!

"Si daktari alikuambia ni dawa?" akajibu toka jikoni, wala hakuinuka. "Wewe husikii la mtu."

Wiki ya sita tundu likafunga.