Siku ya kurudisha fomu

Ijumaa ya tarehe 21 Agosti 2015 ilikuwa siku ya uteuzi wa wagombea nchi nzima. Rais, wabunge, madiwani, wote mwisho saa 10 kamili jioni. Wakati ule nilikuwa katibu wa chama kwenye kata moja ya mwambaoni, upande wa Ilemela, Mwanza, na kazi iliyokuwa mikononi mwangu ni Fomu Namba 8C, fomu ya uteuzi ya mgombea wetu wa udiwani. Ilitakiwa ifike kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi pale kata kabla ya muda, na ikifika isiwe na pa kushikia.

Mgombea wetu alikuwa ameifanyia kazi siku hiyo kwa miaka. Vipindi viwili alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Wenye mitumbwi anawajua, pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, anajua nani anamdai nani, ugomvi wa mipaka ya viwanja ameusuluhisha mpaka usiku wa manane. Desemba 2014, uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokuja, hakugombea tena, akajiweka tayari kwa udiwani. Kura za maoni za chama alizipita kwa jasho. Mtu wa namna hiyo akikatwa kwa sababu ya karatasi inauma sana, na nimewaona wanasiasa wazuri wa kata wakiishia hapo hapo.

Kinachowaangusha wengi ni wadhamini, wapiga kura wanaosaini fomu ya mgombea kumuunga mkono. Mwaka ule mgombea ubunge alitakiwa kuwa na wadhamini wasiopungua 25, diwani wasiopungua 10. Hiyo kumi ndiyo inadanganya. Mgombea anaona mtaa mzima uko nyuma yake, majina kumi atayapata hata kwa jirani, basi anayaacha mpaka usiku wa mwisho. Lakini kila mdhamini lazima awe amejiandikisha kupiga kura ndani ya kata hiyo hiyo, na asiwe amemdhamini mgombea mwingine wa udiwani. Jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye kadi. Hapo kwa majina yetu ya Kisukuma pana kazi: mtu anajiandika kwa ng', aliyemwandikisha kabonyeza n na g bila alama, na kadi ndiyo inayosema. Sheria yangu ilikuwa kuandika makosa ya kadi kama yalivyo.

Mwaka ule kulikuwa na mtego mwingine. Daftari la wapiga kura lilikuwa limeandikwa upya kwa mashine za BVR, zile zinazochukua alama za vidole na picha, na kadi za 2010 zikawa hazifai tena. Watu wengi walikuwa bado nazo zote mbili kwenye pochi. Ukimwambia "nipe namba ya kadi", anakutolea inayotangulia mkononi.

Majina 11 ya kwanza aliyachagua mgombea mwenyewe, na aliyachagua kisiasa: tajiri mmoja wa mitumbwi, fundi wa injini, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda, mvuvi wa siku nyingi aliyekuwa rafiki yake. Hilo nilimuunga mkono. Orodha ya wadhamini hubandikwa nje ikasomwa na kila mtu, kwa hiyo kila jina lina kundi lake nyuma. Kosa letu lilikuwa kutozidai kadi zenyewe. Tulipokea namba kwenye vikaratasi.

Alhamisi usiku nilikaa na kadi moja moja, maana nilikuwa nimezikusanya zote jioni ile. Mwalimu mstaafu alikuwa ametupa namba ya kadi ya zamani. Kadi ya yule mvuvi ilikuwa mpya na namba yake sahihi, ila kituo chake kilikuwa kisiwani Ukerewe, nje ya kata yetu. Mashine zilipopita yeye alikuwa kambini huko anafuata dagaa, akajiandikisha alipokuwa. Kumi na moja ukitoa wawili unabaki na tisa. Fomu ile kama ilivyokuwa ilikuwa imekufa.

Mgombea alitaka tufute kwa wino mweupe. Nilikataa. Ukishapaka wino mweupe kwenye orodha, umempa mpinzani pingamizi lake limeandikwa tayari. Sheria ilisema wasiopungua kumi, haikusema wasizidi. Tuliwaacha wale wawili pale pale, tukaamua kuongeza watatu chini yao.

Wengi wa kuaminika usiku ule walikuwa ziwani. Mwezi ulikuwa mchanga, unazama kabla ya saa 6 usiku, na giza likishaingia mitumbwi ya dagaa inatoka na taa zake. Hakuna wa kumpigia simu. Saa 11 alfajiri tulikuwa mwaloni tunangoja, fomu ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, maana karatasi na mwalo ni maadui. Nilikuwa nimebeba pia kibao cha kuandikia, kalamu mbili za wino mweusi na kidau cha wino wa muhuri.

Wavuvi wawili walisaini haraka, wake zao wakiwa wameshaleta kadi kutoka nyumbani. Namba zile zinazoanza na herufi T nilizinakili nikizisoma kwa sauti, na mtu wa pili akizifuata kwenye kadi. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa chanja, mwanika dagaa, ambaye mzigo wake huishia soko la Kirumba Mwaloni. Hakujua kuandika, kwa hiyo aliweka dole gumba.

"Mwangaluka, mayu," mgombea akamwamkia kwa Kisukuma. "Nakuomba dole lako."

"Dole langu limejaa dagaa, mwanangu."

Kweli lilikuwa limejaa. Magamba yale madogo ya fedha yalikuwa yameganda mpaka kwenye kucha, na ute wake ukikutana na wino, wino unateleza, unapata doa lisilo na mistari. Alama ya namna hiyo haina thamani. Tulimnawisha kwa sabuni na maji ya kisima, tukamfuta kwa pindo la kanga yake, tukangoja ngozi ikauke. Nikajaribu kwanza kwenye karatasi ya kando. Mara ya kwanza wino ulizidi. Mara ya pili mistari ikaonekana. Ya tatu tukaiweka kwenye fomu, na pembeni nikaandika jina lake kama kadi ilivyosema.

Yaliyobaki tulikuwa tumeyamaliza mapema: dhamana ya shilingi 5,000 na stakabadhi yake, picha, sahihi na muhuri wa chama, tamko la mbele ya hakimu. Tamko hilo tulilifanya Jumatano kwa makusudi. Siku ya mwisho wagombea hukutana mlangoni kwa hakimu, naye ana kesi zake.

Saa 4 asubuhi tulikuwa ofisi ya kata. Msimamizi msaidizi alipitia ukurasa kwa ukurasa huku tumekaa mbele yake, na nilimsihi mgombea asitoke kwenda kusalimia watu. Kosa likionekana mapema unaweza kulirekebisha kabla ya saa 10. Ukiikabidhi na kuondoka, litaonekana huna nafasi tena. Hatukuondoka mpaka saa ya kupokelewa ilipoandikwa, na nakala yetu nikaichukua.

Jioni fomu zilibandikwa nje. Vijana wa upande wa pili walikuja na daftari, wakamulika kwa tochi za simu, wakanakili majina yote 14. Pingamizi lilikuwa na mwisho wake, saa 10 jioni ya siku inayofuata, na lao lilifika Jumamosi mchana: mdhamini mmoja hakujiandikisha kwenye kata. Walikuwa sahihi. Walikuwa wamempata rafiki yake mgombea, mwalimu hawakumwona. Tulijibu kwa maandishi mistari sita, kwamba hata ukimwondoa huyo wanabaki zaidi ya kumi wenye sifa, na namba zao hizi hapa. Namba nilizoziorodhesha zilikuwa 12, ya mwalimu nikaiacha nje. Pingamizi likatupwa.

Yule mvuvi alisikia, akaja nyumbani kwa mgombea usiku ule kuomba radhi. Alidhani ameiharibu kabisa. Alipoambiwa kwamba tumepita, swali lake lilikuwa moja: Oktoba nitakupigia wapi? Tukamweleza kwamba kura yake iko kule kule alikojiandikisha, na kwenye kata yetu hawezi kupiga. Alinyamaza kidogo, akasema basi wakwe zake hapa wako wanne, atahakikisha wote wanatoka mapema.

Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba, siku moja kabla ya kura, alipanda meli ya Nansio, kule Ukerewe.